Yeremia Aliona Mti Gani?



Katika sura ya kwanza ya kitabu cha nabii Yeremia yamo mazungumzo mafupi ambayo sisi tuliyasoma kwa miaka mingi bila kuyaelewa, na jambo lililo baya zaidi, tuliyafundisha. Mungu amekwisha kumwita Yeremia, naye amekwisha kujitetea kwamba hawezi kusema mbele ya watu kwa kuwa angali mtoto. Ndipo Mungu anamwuliza anaona nini. Yeremia anajibu kwamba anaona tawi la mlozi. Mungu anamwambia ameona sawasawa, kisha anasema kwamba yeye analilinda neno lake hata litimie. Basi, yameishia hapo. Ni mistari miwili tu, wa 11 na wa 12.

Ndugu msomaji, fungua Biblia yako uisome, kisha ujiulize swali ambalo sisi hatukujiuliza: tawi la mti na kulinda neno vinahusiana nini? Kwa Kiswahili havihusiani hata kidogo. Ni kama mtu akuulize unaona nini, umjibu, "Naona kinu," naye aseme, "Umejibu vizuri, kwa maana kesho nitasafiri." Lakini kwa kuwa tumezoea kusikia Neno la Mungu likisomwa kanisani, masikio yetu hupita juu ya maneno kama haya bila kujikwaa. Twaitikia, twaketi, twangoja wimbo.

Mwaka 1991 tulikuwa tukifundisha darasa la Kipaimara katika mtaa mmoja wa parishi ambayo hatutaitaja, maana kosa tutakalolieleza si la parishi wala la padre, ni letu. Watoto walikuwa 23. Kanisa lilikuwa dogo, la udongo na bati, nalo lilijaa joto ifikapo saa nne, kwa hiyo kila Jumamosi tulikaa nje chini ya mkungu mkubwa uliokuwa uwanjani. Ninyi wa pwani mnaujua mti huo. Matawi yake hukaa tabaka juu ya tabaka kama miavuli iliyopangwa, majani yake mapana huwa mekundu kabla ya kuanguka, na watoto hupasua kungu kwa mawe wakitafuta kiini kidogo kilicho ndani. Popo nao hula kungu usiku, na habari zao anazijua mwenye zamu ya kufagia asubuhi.

Sura ile ya Yeremia tuliichagua kwa makusudi. Yeremia aliitwa angali kijana, katika mwaka wa 13 wa kutawala kwake mfalme Yosia, na watoto wetu nao walikuwa wakijiandaa kuwekewa mikono na Askofu. Tulitaka wajue kwamba Mungu haoni haya kuwatumia wadogo. Mwisho wa mafundisho tulitoa mtihani, na swali moja liliuliza: Yeremia alionyeshwa mti gani, na maana yake ni nini? Alama zake zilikuwa tano.

Mtoto mmoja wa kiume, mwenye mwandiko mbaya lakini mtulivu, aliandika hivi: "Mkungu. Mkungu ukipukutisha majani yote watu husema umekufa, kumbe haujalala, na Mungu vilevile."

Tulipiga alama ya kosa kwa kalamu nyekundu. Sifuri juu ya tano. Alipata 48 katika 100, na kiasi cha kufaulu kilikuwa 50.

Askofu alikuja, watoto wakapanga mstari wakiwa wamevaa nyeupe, na yule mtoto alikaa benchi la nyuma pamoja na bibi yake aliyemlea. Bibi alikuwa amekwisha kununua kitambaa cheupe na kukishonesha shati, kwa hiyo mtoto alivaa shati lile lile akiwa ameketi. Baada ya Misa bibi alitufuata chini ya mkungu akauliza, "Mwalimu, mwanangu kakosa nini?" Tulimjibu, "Bibi, mtihani ni mtihani." Jibu hili tumelikumbuka neno kwa neno kwa sababu wakati ule tulilipenda. Tuliona ni jibu la mwalimu mwenye msimamo. Askofu aliporudi mwaka uliofuata mtoto alipokea Kipaimara, lakini bibi alikuwa ametangulia mbele ya haki tangu upepo wa kusi ulipoanza.

Mwaka tuliostaafu, mwenzetu wa nyumbani alitutaka tulifungue sanduku la bati lililokuwa uvunguni, kwa kuwa mchwa walikuwa wamekwisha kulipata. Mlikuwa na madaftari ya maandalio ya masomo. Chuoni tulifunzwa kuandaa kila somo kwa maandishi: lengo, zana, hatua, maswali ya wanafunzi na majibu, hata kwa vipindi vya dini. Tulifunzwa mengi mazuri pale. Ila hatukumbuki siku tuliyofunzwa kusema "sijui". Basi katika daftari moja lililoliwa pembeni tulikuta ukurasa wa Yeremia, na chini yake, kwa mwandiko wetu wenyewe: "Swali la mwanafunzi: mlozi ni mti gani? Jibu: ni mti kama huu mkungu."

Tuliketi chini na daftari lile. Mtoto alikuwa ameandika kile tulichomfundisha, akaongeza na akili yake mwenyewe, nasi tukampa sifuri kwa sababu tulikuwa tumesahau maneno ya kinywa chetu.

Twajua jibu lile tulilipata wapi. Katika kamusi tuliona kwamba jina la Kiingereza la mkungu maana yake ni mlozi wa Kihindi, tukaridhika. Lakini miti hii miwili si ndugu. Mlozi ni wa jamii ya miti kama mpichi, na huhitaji baridi ili utoe maua na kuzaa, ndiyo maana huku chini haupo. Lozi zenyewe twazijua vizuri, twaziona katika halua na madukani. Hata neno lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu. Tumepata tunda na jina, mti hatukuletewa.

Hatuwalaumu wafasiri. Askofu Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na kufariki huko mwaka 1882, aliketi na wajuzi wa Kiswahili akitafuta neno kwa neno namna ya kuitia Injili katika lugha yetu, na wale walioitoa Biblia ya mwaka 1952 walikuwa na kazi ya kupatanisha Kiswahili cha Mvita na cha Unguja. Waliandika mlozi kwa kuwa ni mlozi. Kazi ya kuuliza mlozi ni nini walituachia sisi wasomaji, nasi tumekuwa wavivu.

Tazameni na habari ya magugu katika Mathayo sura ya 13. Mkulima yeyote wa mahindi akisikia kwamba watumwa walikatazwa kuyang'oa magugu atajiuliza bwana yule alikuwa mkulima wa namna gani. Kwetu magugu huonekana mara moja, na asiyeyapalilia hali. Lakini magugu aliyoyataja Bwana ni jani moja maalumu linalofanana kabisa na ngano mpaka lichipuze masuke. Mtu wa mpunga ataelewa mara, kwa maana katika jaruba humea mpunga mwitu, nao ungali mdogo hata mzee wa kazi huutazama mara mbili. Tulimwambia jambo hili jirani yetu mmoja mwenye jaruba, naye alicheka akasema, "Kumbe Yesu amelima!" Hatukumsahihisha.

Turudi kwa mlozi. Baada ya kulikuta daftari lile tuliazima kwa Padre kitabu cha ufafanuzi wa manabii, na hapo ndipo tulipofunguliwa macho. Katika Kiebrania mlozi huitwa shaked. Na neno alilolitumia Mungu mara baada yake, la kuwa macho na kulinda, ni shoked. Maneno hayo mawili yana mzizi mmoja. Katika nchi ile mlozi hutangulia miti mingine kuchanua, mwezi wa Januari au Februari, baridi ingalipo na miti mingi bado imelala bila jani, tena maua yake hutoka kabla ya majani. Ndiyo sababu jina lake ni la kuamka na kuwa macho. Kama mambo haya yangetukia kwa Kiswahili, ingekuwa kana kwamba mti ule unaitwa mkesha, na Yeremia anasema, "Naona mkesha," na Mungu anamjibu, "Umeona vema, nami nakesha."

Sasa soma tena mistari ile miwili.

Nabii Amosi naye, katika sura ya 8, aliulizwa vivyo hivyo anaona nini, akasema kapu la matunda ya kiangazi, na kwa Kiebrania matunda yale yanakaribiana kwa sauti na neno la mwisho. Akaambiwa mwisho umefika. Kumbe hii ilikuwa desturi ya Mungu katika kufundisha. Hakumwuliza mwanafunzi wake anakumbuka nini. Alimwuliza anaona nini, akangoja jibu, kisha akalichukua jibu lile lile la mwanafunzi na kulifanya kuwa somo. Sisi walimu twajua ugumu wa kazi hiyo. Ni rahisi zaidi kuandika ubaoni na kuwaambia wanakili. Tena angalieni kwamba Mungu alimpa Yeremia vema. Sisi tuliopiga vema na makosa kwa kalamu nyekundu maisha yetu yote tungepaswa kuliona neno hilo mapema. Kijana alisema kweli juu ya kile kilichokuwa mbele ya macho yake, na Mungu akampa vema, kabla hajasema lolote kubwa.

Bwana wetu Yesu Kristo alifundisha hivyo hivyo. Katika hotuba yake mlimani, Mathayo sura ya 6, aliwaelekeza watu wawatazame ndege, wakayaangalie maua ya kondeni jinsi yanavyokua. Ni amri ya macho. Lakini sisi twaisikia kanisani tukiwa tumeinamisha vichwa, twatoka nje, twapita katikati ya ndege na maua mpaka nyumbani, na hakuna aliyetazama hata mmoja. Na yeye aliye Neno, ambaye Yohana anatuambia alifanyika mwili, hakukaa kama jina lisilo na mti. Alionekana, aliguswa, alikula samaki mbele ya rafiki zake. Tukimkiri Neno wa namna hiyo, hatuna ruhusa ya kusoma maneno yake kama mtu anayehesabu shanga akiwa na mawazo ya sokoni.

Mwezi wa Agosti mwaka mmoja, tulipata safari ya kwenda kumwona ndugu yetu Lushoto. Basi lilipanda kutoka Mombo, tukapita Soni, na asubuhi ya pili, katika baridi ambayo mifupa yetu ya Bonde haikuikubali, tuliona nyuma ya nyumba mpichi mmoja usio na jani hata moja, nao umejaa maua ya waridi toka chini mpaka juu. Nyuki walikuwa wamekwisha kuamka kwa ajili yake. Tuliambiwa na kitabu kwamba mpichi ni ndugu wa karibu wa mlozi, basi tukasimama pale na blanketi mabegani mpaka chai ikapoa. Ndugu yetu aliuliza kama tunaumwa. Hatuwezi kusema tumeuona mlozi. Tumemwona nduguye. Na Mhubiri, katika sura ya 12, anapoeleza uzee anataja mlozi unaochanua, yaani mvi. Kwa hiyo mlozi mmoja tunao kichwani kila tunapojitazama katika kioo.

Ilibaki kazi moja. Tulijua yule mtoto alipo, maana sasa ni mtu mzima, fundi seremala, na anakaa mwendo wa saa moja kwa miguu kupita michungwa. Miezi ilipita tukijiambia kwamba mambo ya zamani yaachwe, kwamba huenda hata hakumbuki, kwamba mtu mzima akienda kumwomba radhi mwanafunzi wake atamwonea haya. Ibilisi ana sababu nyingi nzuri. Baada ya Pasaka tulichukua daftari tukaenda.

Alikuwa akipiga randa ubao wa mlango. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba, mwanangu." Alituletea kiti kivulini, mkewe akaleta maji. Tulimpa daftari likiwa limefunguliwa, tukamwonyesha mstari ule, tukamwambia, "Tulikufundisha sisi, kisha tukakuhukumu. Tumekuja kukuomba radhi."

Aliusoma polepole, kidole kikifuata maneno. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilidhani nilisikia vibaya. Miaka yote nilidhani nilisikia vibaya." Baada ya kitambo akaongeza, "Mimi nimesamehe, hayo yamekwisha. Lakini bibi alikufa akisema mwanangu ameshindwa mbele ya Mungu. Yeye sijui utamwambiaje."

Ndugu wapendwa, kwa neno hilo hatukuwa na jibu, wala leo hatuna. Mtu anaweza kurudisha ng'ombe aliyemchukua, na Zakayo aliweza kurudisha mara nne. Lakini huzuni tuliyompa mama mzee kwa sababu ya alama mbili tu hairudishwi kwa mikono yetu. Twamwachia yeye ambaye jina lake tulilifundisha bila kulijua, anayekesha wakati sisi tumelala, ambaye bila shaka aliisoma karatasi ile ya mtihani kabla yetu, na vema yake hatujui aliiweka wapi.

Tulimweleza fundi habari za mlozi: shaked na shoked, mkesha na kukesha, na ule mpichi wa Lushoto. Alisikiliza kama mtu wa miti anavyosikiliza, kisha akauliza, "Mbao yake ikoje? Ngumu?" Tukamwambia hatujui. Alitutazama kidogo, pengine kwa sababu hakuwahi kusikia neno hilo kutoka kwetu. Ndipo akasimama akatuongoza nyuma ya nyumba lilipo kaburi la bibi, chini ya mchungwa, na msalaba wa mbao aliouchonga mwenyewe. Tukasimama pale, tukasoma kwa sauti mistari ile miwili ya Yeremia, na kuifafanua kwa Kiswahili chepesi, kama vile tungemfafanulia mtu aliyeuliza mtoto kakosa nini. Tukasali Sala ya Bwana. Fundi alifuta vumbi la mbao mikononi, akaitikia Amina, akarudi kwenye mlango wake kwa kuwa mwenye nao alikuwa anakuja jioni.

Daftari tulimwachia.

Mwaka huu Padre ametuomba tufundishe tena darasa la Kipaimara, nasi tumekubali kwa hofu. Binti wa fundi yumo, amekaa mbele. Jumamosi iliyopita tulisoma Zaburi ya 51, na tulipofika mahali Daudi anapoomba asafishwe kwa hisopo, alinyoosha mkono. "Mwalimu, hisopo ni mti gani?" Watoto wote wakatutazama. Tulimwambia kwamba hatujui, kwamba ni mmea, na kwamba Jumamosi ijayo tutamletea jibu. Jumamosi ni keshokutwa, na bado tunatafuta.